Bamba Jeupe

Mchoraji wa mabamba alifika kazini Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, akakuta kitasa cha kabati lake kimeng'olewa upande mmoja, kinaning'inia kama jino la mtoto. Kompyuta ilikuwepo. Mashine ya kuchapa, ile inayojenga umbo tabaka juu ya tabaka mpaka linasimama mezani, ilikuwepo. Hata simu aliyoisahau tangu Ijumaa ilikuwepo, imelala kwenye chaji. Kilichokosekana ni fuvu la plastiki la mgonjwa wa kitanda cha dirishani, pamoja na kipande cheupe kilichoziba tundu la fuvu hilo.

Kabla hajavuta kiti akae, mtunza stoo, ambaye wote humwita Mzee wa Stoo, alichungulia mlangoni, akaona kabati, akatoka nduki na habari. Kufika saa mbili hospitali nzima ilikuwa inaimba wimbo mmoja: bamba la kichwa cha Mwalimu, yule wa kitanda cha dirishani, limeibiwa, na upasuaji wake ni kesho.

Polisi walimleta Shangazi. Hilo si jina lake, lakini kituo cha polisi, kuanzia mkuu wake hadi mahabusu, hakuna anayemwita vingine, kwa sababu ana mdomo wa shangazi hasa: akifoka unainama kwanza, kosa utaulizia baadaye. Siku hiyo alishuka garini akiwa ameshakasirika. Alikuwa amewakamata wezi wa kila namna, wa ng'ombe, wa nyaya, hata wa viatu vya msibani, na kila mmoja alikuwa na kisingizio chake. Lakini mtu anayemwibia mgonjwa kipande cha kichwa? Huyo, alimwambia Koplo wake, hata shetani atamfungia mlango.

Mkurugenzi wa hospitali alimpokea kwa tabasamu na jibu mkononi. Mwizi ameshapatikana, alisema. Mwaka jana vyuma vya vitanda vilipungua stoo na hakuna aliyeshikwa. Sasa bamba la chuma limetoweka, na wa kwanza kutangaza ni huyo huyo Mzee wa Stoo. Walinzi walikuwa wameshamfungia kwenye chumba cha mashuka.

"Wewe nani kakupa mahabusu?" Shangazi akauliza.

Mkurugenzi akaanza kueleza habari za taratibu za ndani. Shangazi hakumngoja amalize. Alikwenda mwenyewe kufungua mlango, akamkuta mzee wa watu amekalia furushi la mashuka, bisibisi lake limechomekwa mkandani kama kawaida yake. Shangazi alilitazama lile bisibisi kwa muda, akamwambia aende akanywe chai, asitoke nje ya geti.

Karakana ya Mchoraji ilikuwa mwisho wa korido, baada ya chumba cha picha, hatua chache tu kutoka wodi ya wanawake. Jumapili wasafishaji huacha milango ya korido nzima wazi ili sakafu ikauke, na saa za kutazama wagonjwa watu hupita hapo kwa makundi kwenda chooni. Kwa hiyo aliyeingia aliingia Jumapili mchana, kweupe, na hakuna ambaye angemshangaa. Koplo, mtu mwenye kitambi kilichomtangulia kila mahali, alipiga magoti kwa taabu akapapasa chini ya kabati. Akatoka na kijiko cha chakula, cha bati, kimepinda shingo.

"Kabati limevunjwa kwa kijiko," alisema.

Shangazi alikishika kwa kitambaa. Mtu mwenye bisibisi mkandani havunji kabati kwa kijiko. Kijiko hubebwa na anayekuja kulisha mgonjwa. Akafunga mlango kwa mguu, akamwambia Mchoraji akae, aanze mwanzo, na asiruke kitu.

Mchoraji alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti. Alisema jambo la kwanza ambalo polisi wanapaswa kulijua ni kwamba bamba halijaibiwa, na tangu asubuhi hakuna aliyempa nafasi ya kulisema.

Shangazi alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Nimeitwa hapa kufanya nini, basi? Kutafuta mwanasesere?"

Mchoraji akawasha kompyuta. Kwenye kioo likatokea fuvu la Mwalimu, limejengwa kutokana na picha za kichwa chake, na upande wa kulia juu tundu ambalo kiganja cha mtoto kingeingia. Siku ya ajali, alieleza, Daktari alilazimika kuondoa mfupa uliovunjika ili ubongo uliovimba upate nafasi. Vipande vilikuwa vidogo mno kurudishwa. Ndipo kazi ikamfikia yeye. Anachukua upande mzima wa fuvu, kompyuta inaugeuza kama uso kwenye kioo, anaulaza juu ya upande wenye tundu, anakata panapozidi, anajaza panapopungua, mpaka kingo zinakutana. Kisha anachapa fuvu la plastiki na kipande cheupe cha majaribio, Daktari avipime kwa mikono yake. Wakiridhika, bamba lenyewe linatengenezwa kwa chuma chepesi kisichoshika kutu. La Mwalimu lilikuja wiki iliyopita. Ijumaa jioni alilipeleka mwenyewe chumba cha kuchemshia vyombo vya upasuaji, na asubuhi hii ameshapiga simu: lipo, limefungwa, salama.

"Kwa hiyo aliyeiba ameiba plastiki ya mfano."

"Ndiyo, afande. Na hata angeiba lenyewe, mchoro umo humu. Tungetengeneza jingine."

Shangazi aliuliza kuna ubaya gani Mwalimu akikosa bamba. Mchoraji akasema yule dada amelala pale na ngozi ya kichwa imezama ndani ya tundu, inaukandamiza ubongo. Hasemi. Mkono wa kushoto hauinuki. Daktari amewahi kuona wagonjwa wa namna hiyo wakifunikwa tundu na baada ya siku kadhaa ulimi ukafunguka. Si ahadi, lakini ni tumaini, na kila wiki inayopita tumaini hilo linapungua. Haya yote familia iliambiwa.

Shangazi akainuka, akazunguka meza, akarudi kuketi. Hakuna mtu duniani mwenye kichwa cha kuingia bamba la Mwalimu isipokuwa Mwalimu. Mwenye kuliiba hakuwa na haja nalo. Haja yake ilikuwa Mwalimu asilipate, na asilipate maana yake asiseme.

"Hebu nionyeshe picha za siku ile ile," alisema. "Kabla hajakatwa."

Mchoraji akazifungua. Mwalimu alikuwa na kituo cha kulelea watoto wadogo, yeye na mdogo wake, na ilisemekana aliteleza kwenye bafu la kituo akagonga kichwa sakafuni. Kwenye picha mfupa ulikuwa umebonyea shimo jembamba lenye ncha, mbali juu ya sikio. Mchoraji aliweka kidole chake kichwani mwake mwenyewe kuonyesha. "Anayeanguka huumia huku chini, usawa wa ukingo wa kofia. Huku juu kofia inakokaa, sakafu haifiki kirahisi. Huku hufikiwa na mkono wa mtu. Tena sakafu ni bapa, afande. Hili shimo lina mdomo, kama wa chombo chenye ncha."

"Ulimwambia nani?"

"Daktari. Naye aliandika. Polisi alikuja kijana mmoja, akaongea na ndugu wa mgonjwa, wakasema ameteleza, akaenda zake."

Shangazi aliguna. Alimjua kijana huyo, na alijua kabisa maneno atakayomwambia jioni. Hasira iliyokuwa kwa mwizi ikagawanyika mara mbili, na sehemu zote mbili zilikuwa kubwa kuliko ile ya mwanzo. Alimwonya Mchoraji: habari kwamba bamba lipo wabaki nayo watatu, yeye, Mchoraji na Koplo, na yule aliyepokea simu chumba cha kuchemshia aambiwe afunge mdomo. Wengine wote waachwe waamini limeibiwa.

Halafu akauliza swali lililobaki: fuvu lile la mfano lilionyeshwa kwa nani nje ya wafanyakazi?

Kwa familia peke yake, Mchoraji akajibu, Jumatano, kwenye chumba cha mikutano. Walikuja mama mzazi, mume na mdogo mtu. Daktari alianza kwa kueleza kwamba kitakachowekwa ni chuma. Alipofika katikati, akaweka lile fuvu lenye tundu mezani, na mume akainuka akasema hapana, mke wake hakatwi tena, akatoka akiupiga mlango; idhini ikaja kutolewa na mama. Mdogo mtu alikuwa amechelewa. Aliingia baada ya hapo, nguo ina madoa ya maziwa, anaomba radhi kwamba watoto walimchelewesha. Alikuta Mchoraji anaingiza kipande cheupe kwenye tundu. "Kilikaa sawasawa, nikafurahi, nikasema hili ni moja tu duniani, hakuna kichwa kingine litakachoingia. Mtu akinogewa na kazi huropoka."

"Na baada ya hapo ukaeleza kwamba hiki cheupe ni mfano?"

Mchoraji alifikiri. "Daktari alikuwa ameshaeleza. Sikurudia."

Saa tano Shangazi alihamia wodini. Mwalimu alilala kitanda cha dirishani, kichwa kimefungwa kitambaa chepesi, macho nusu wazi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye vidole virefu, na vidole hivyo vilikuwa vimelegea juu ya shuka kana kwamba si vyake. Nesi wa zamu, bila kuulizwa, alisema jambo ambalo lilikuwa likimkera. Wiki mbili zilizopita mdogo mtu alishikwa na homa, hakuja kwa siku kadhaa. Siku hizo Mwalimu alikuwa mtu mwingine. Alifungua macho, alimbana Nesi kidole, siku moja akajaribu kuguna wimbo wa watoto. Mdogo mtu akarudi na chupa yake ya supu, mgonjwa akarudi usingizini. Nesi alidhani ni ugonjwa unapanda na kushuka.

"Supu ya leo imeshaletwa?"

"Bado. Huja saa sita."

Shangazi akamwambia supu ya leo ikija isimguse mgonjwa, iwekwe pembeni, na Nesi ajifanye hajui kitu.

Mume, dereva wa lori, alikuwa amesimama nje kwenye ukuta, kofia mkononi, macho mekundu. Wodi nzima ilikuwa imeshamhukumu. Wagonjwa walimwambia Koplo kwamba ndiye, nani mwingine, mwanamume anayepiga milango ataacha kupiga mke? Shangazi hakuwa na subira naye. Alimuuliza kwa nini hataki mkewe apone. Dereva akajibu kwamba anataka apone kuliko anavyotaka kuvuta pumzi, ila shemeji yake alimwambia madaktari wanajifunzia kwa mke wake, na kwamba mtu akifunguliwa kichwa mara ya pili hatoki.

"Nani alikwambia?"

"Shemeji. Yeye ndiye anayekaa naye kutwa, anajua mambo yao."

"Hicho kilichoibiwa kikoje?"

Dereva alimshangaa. "Si chuma? Daktari alisema chuma. Mimi sikukiona, nilitoka."

Mama mzazi alijibu vivyo hivyo kutoka kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti: ni chuma, baba, walisema chepesi kama kijiko, na kile cheupe kilikuwa cha kutuonyeshea tu. Alimwita Koplo baba kwa heshima na Shangazi mwanangu, na alikuwa akilia bila kujifuta. Magoti yake hayakumruhusu hata kufika chooni bila kushikwa, sembuse kuvunja kabati. Aliomba jambo moja tu, kwamba wamtafutie binti yake kile chuma, aisikie sauti yake kabla yeye mwenyewe hajafa.

Saa sita kamili mdogo mtu akaingia. Watoto kituoni walimwita Anti, na wodi nzima nayo ikamwita Anti. Alikuwa na uso wa upole na maneno laini, anasalimia kitanda hadi kitanda, wagonjwa wanamwombea dua. Nesi alipokea chupa ya supu akasema mgonjwa anasubiri vipimo, asile kwanza. Anti hakubisha. Aliinama juu ya dada yake, akamsogezea shuka, akageuka akamwambia Shangazi kwa sauti ya chini: "Dada anasema amechoka na maswali."

"Amesema?"

"Mimi namwelewa, afande. Hata bila maneno."

Shangazi alimpeleka pembeni, karibu na dirisha. Alimuuliza alipokuwa jana mchana. Hapa, kulisha dada. Amesikia la wizi? Amesikia, akalia mpaka basi. Ni nani mwenye roho ya kuchukua kitu kile?

"Kitu gani hasa?" Shangazi akauliza, macho kwenye karatasi kana kwamba anajaza tu nafasi. "Nieleze, maana hawa wengine wananichanganya."

"Lile bamba jeupe. Tulionyeshwa. Lilikuwa moja tu."

Shangazi hakuinua uso. Watu watatu, mkutano mmoja, na ni mmoja tu anayeamini bamba ni jeupe, yule aliyechelewa. Lakini neno moja si pingu, hakimu angelicheka. Alikuwa anatafuta swali la kumshikilia pale alipouliza tu, kama mtu anayemaliza mazungumzo: "Na watoto wa kituoni umemwachia nani?"

"Wamelala."

"Wote?"

"Wote. Watoto wangu ni wazuri."

Hapo Shangazi aliacha kuandika. Alikuwa amelea wanne wake na watatu wa marehemu kaka yake, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona siku watoto wote wa nyumba moja wamelala saa moja kwa pamoja. Huyu akilala yule anajikojolea. Yule akitulia wa tatu ana njaa. Alimwambia Koplo kwa jicho tu asimwachie Anti mlango, akashuka ngazi mbio, jambo ambalo magoti yake yalimlaumu kwalo baadaye.

Kituo cha watoto kilikuwa nyumba ya ghorofa moja yenye ua, ukuta umechorwa vipepeo. Geti lilifungwa kwa kufuli kutoka nje. Jirani aliyekuwa akianika nguo alikisifia kituo hicho: hapo unaweza kulala mchana, watoto hawalii kabisa, toka yule dada mkubwa aanguke ndiyo kimya zaidi. Shangazi aliomba nyundo. Jirani alipoona uso wake hakuuliza ya nini.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya maziwa yaliyochacha. Watoto walilala kwenye magodoro, safu mbili, shuka zimenyooshwa. Shangazi alipiga makofi. Hakuna aliyestuka. Alimwinua wa kwanza, kichwa kikaanguka begani. Wa pili alifungua jicho moja, likajifunga lenyewe. Mdogo kuliko wote, aliyekuwa karibu na mlango wa bafu, alipumua polepole mno, na midomo yake ilikuwa imepauka. Shangazi alimbeba huyo mkono mmoja, mkono wa pili anapiga simu, na jirani anasema mpaka leo hajawahi kusikia matusi ya namna ile yakitumika kuombea gari la wagonjwa.

Wakati gari linakuja alitazama huku na huku. Kwenye rafu ya jikoni, juu kabisa, chupa za dawa ya mafua, ile ya maji matamu inayolaza, zimepangwa nyuma ya sukari. Kwenye meza ya kunyooshea mashuka, pasi nzito ya umeme, mdomo wake uliochongoka umepinda kidogo. Na kwenye kikapu cha vichezeo, katikati ya vikombe vya plastiki na magari yasiyo na magurudumu, kipande cheupe kilichopinda kwa ustadi, ndani yake mchanga mkavu. Mtoto mmojawapo alikuwa amekifanya sahani ya kupikia. Fuvu lilipatikana chini ya sinki, limefungwa kwenye nepi.

Saa tisa alasiri Shangazi alirudi wodini. Daktari aliitwa, na Mchoraji, na mume, na mama akasogezwa na benchi lake. Anti alikuwa bado ameketi kitandani kwa dada yake, Koplo amesimama mlangoni akiwa ameuziba wote. Shangazi alitoa kipande cheupe kwenye mfuko akakiweka juu ya shuka.

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Si kile cha mfano?"

"Ndicho, mama. Kila mtu humu anajua ni cha mfano, isipokuwa mtu mmoja. Bamba la mwanao liko chini, limechemshwa, na kesho asubuhi anawekewa."

Dereva akashika ukuta. Anti hakusogea, ila rangi ilimtoka usoni taratibu. Alisema watoto huokota vitu, yeye hajui. Alisema labda kuna mtu amemwekea. Halafu akamshika dada yake mkono na kusema, "Mnamsumbua mgonjwa. Dada anasema anataka kulala."

"Usimsemee," Shangazi alisema. Hakupandisha sauti, na Koplo, aliyemzoea, alijua ndipo ilipo hatari. "Umemsemea vya kutosha. Toa mkono wako."

Anti akautoa. Shangazi akaweka karibu na kipande cheupe chupa ya dawa ya mafua, akamwambia Daktari kwamba supu ya leo imetumwa kupimwa, na kwamba watoto wa kituo wako chini, wodi ya watoto, wanapigwapigwa nyayo waamke. Kisha akaeleza, jambo kwa jambo, mbele ya wote. Kijiko cha kulishia kilichovunja kabati. Jeraha lisilo la sakafu, lenye mdomo wa pasi. Mgonjwa anayeamka muuguzaji wake akiugua. Kituo ambacho mtoto halii.

Mama alikuwa anatikisa kichwa tangu mwanzo. "Mwanangu, sema si wewe. Sema tu, nitakuamini."

Anti alimtazama mama yake, na ule upole wa usoni ukavunjika. "Ungeniamini lini, mama? Kituo kilikuwa cha nani? Cha Mwalimu. Wazazi wakija wanamsalimia Mwalimu. Mimi ni wa nepi. Yeye akienda semina, mimi nabaki na vilio, kutwa, kichwa kinataka kupasuka. Nilianza na mmoja tu, tone kidogo, akalala. Nikaona kumbe inawezekana. Wote wakamsifu nani? Yeye. Kwa Mwalimu watoto hawalii."

"Akagundua," Shangazi alisema.

"Alirudi mapema. Kulikuwa na mtoto haamki. Akachukua simu awaite wazazi wake, pale pale, mbele yangu, bila hata kuniuliza. Nilikuwa nanyoosha mashuka. Pasi ilikuwa mkononi. Nilimpiga mara moja tu."

"Mara moja," Shangazi akarudia. "Na hizi supu? Umekaa hapa kila siku, kijiko kwa kijiko, mama yako anakuombea dua, wagonjwa wanakusifu, nawe unamzamisha. Mkono mmoja unamfuta mdomo, mwingine unamziba. Kumpiga, nitasema ulipandwa na hasira. Hasira naijua, mimi mwenyewe ninayo hapa ya kutosha kijiji. Lakini hii ya kila siku saa sita si hasira. Na leo umewafungia watoto wa watu kwa kufuli, mmoja anapumua kwa mashine, ukaja hapa kuniambia ni watoto wazuri."

Dereva aliruka. Koplo alimkumbatia katikati ya njia, kitambi na vyote, akamshikilia mpaka akaacha kupigana na kuanza kulia. Anti alifungwa pingu bila kusema tena. Alipopita mbele ya benchi mama yake hakumwangalia, alikuwa amefunika uso kwa kanga, na fimbo ilikuwa imeanguka chini, hakuna aliyekumbuka kuiokota.

Jumanne Mwalimu alipasuliwa. Daktari alisema baadaye kwamba bamba lilikaa bila kupigwa tupa hata mara moja, na Mchoraji aliyekuwa amesimama nyuma ya kioo alikwenda chooni akalia kwa raha zake. Siku za kwanza hakukuwa na badiliko. Mkono ulianza kuinuka, halafu macho yakaanza kufuata watu. Mama alihamia wodini na virago vyake, hakuna aliyethubutu kumwambia saa za kutazama wagonjwa zimekwisha.

Wiki ya pili Nesi akapiga simu kituo cha polisi. Shangazi alikuja na karatasi za kuandikia maelezo ya shahidi, akavuta kiti, akamsalimia Mwalimu na kumwambia asijilazimishe. Alitarajia jina la mdogo mtu. Alikuwa amejiandaa kulisikia, hata chuki yake mwenyewe alikuwa amekuja nayo tayari.

Mwalimu alihangaika na ulimi muda mrefu, jasho likamtoka, mama amemshika bega.

"Watoto," alisema. "Wameamka?"

Shangazi aliziweka karatasi chini ya kiti.

"Wameamka wote, Mwalimu. Yule mdogo ndiye aliyetuchelewesha, lakini tangu juzi analia huko chini mpaka manesi wanaziba masikio."

Machozi yalimtoka Mwalimu yakaelekea masikioni, naye hakuyafuta. Alikusanya nguvu kwa mara nyingine.

"Mtu asimnyamazishe."